Friji ya milango miwili ya kuyeyusha kwa mkono: inafaa Mwanza, lakini inataka matunzo

Friji inayozungumzwa hapa ni ile ya milango miwili, friza juu na friji chini, ujazo wa lita 170 hadi 220 hivi, inayojenga barafu na kukutaka uiyeyushe mwenyewe. Majina ya kampuni ni mengi, ila ukigeuza mgongo unakuta vitu vilevile: kompresa moja (pampu inayozungusha gesi), thamostati moja (kidhibiti cha ubaridi) ya kuzungusha kwa mkono, gesi ya kupooza ya R600a, na hakuna feni ndani. Kwa nyumba ya kawaida hapa Mwanza, iwe Igoma, Kirumba au Nyegezi, hii ndiyo friji ninayoipendekeza, mbele ya ile ya kujiyeyusha yenyewe inayoandikwa No Frost kwenye boksi na kuuzwa ghali zaidi. Ila bei ya dukani si bei kamili. Kuna frijigadi ya kuongeza, yaani kifaa cha kuilinda friji na umeme mbovu, kuna nafasi ya kuiachia ukutani, na kuna kazi ya kuyeyusha barafu. Asiyeifanya hiyo kazi ataiua friji mapema, kisha ataambiwa gesi imeisha.

Gesi ya friji haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na gramu zilizowekwa kiwandani ndizo zinazotakiwa kubaki humo maisha yote ya friji. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu amekuuzia wiki kadhaa za ubaridi, basi. Na friji nyingi zinazosemwa zimeishiwa gesi tatizo lake liko kwingine kabisa: umeme mdogo, rilei (kifaa kidogo kinachoisaidia kompresa kuanza) iliyoungua, raba ya mlango iliyolegea au barafu iliyozidi. Hayo yote yana dalili zake, na nyingi unaweza kuziona kabla fundi hajafika.

Kwa nini isiwe ya kujiyeyusha

Friji ya kujiyeyusha ina raha yake, nisiidhulumu. Hakuna kukwangua barafu, na ubaridi unasambaa sawasawa kwa sababu feni inausukuma. Lakini ndani yake kuna feni, hita ya kuyeyusha, taima au saketi ya kuiamrisha hita, sensa na fyuzi ya joto. Kimoja kikifa, barafu inaziba njia ya hewa: juu kunaendelea kugandisha, chini maziwa yanachacha. Zile zenye kompresa ya inveta, inayobadilisha kasi yake, zinakula umeme kidogo kweli, ila saketi yake hukaa nyuma karibu na kompresa, mahali penye joto ambapo mende na mijusi hupenda kujificha, na umeme ukija kwa kishindo baada ya kukatika ndiyo inayoungua kwanza. Bei ya saketi hiyo inaumiza. Friji ya thamostati ya kuzungusha, ukiacha kompresa, haina cha kuungua isipokuwa rilei, ovaloadi (swichi inayoikata kompresa ikipata moto) na thamostati yenyewe, vipuri ambavyo mafundi wengi wanavyo mkononi.

Pia feni ya friji ya kujiyeyusha inakausha. Sato aliyeachwa wazi humo kwa siku moja ngozi yake inakuwa kama karatasi. Kwenye friji ya kawaida anakauka taratibu zaidi, ingawa bado inafaa kumfunika.

Umeme ndio adui wa kwanza

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Nyumba iliyo mbali na transfoma, au mtaa uliojaa wapangaji wanaowasha vitu kwa pamoja jioni, unaweza kushuka hadi taa zikawa za manjano. Kompresa inapojaribu kuanza kwenye umeme wa namna hiyo inashindwa kuzunguka, inavuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko kawaida, inapata moto, na ovaloadi inaikata. Utasikia "ta", kimya dakika mbili tatu, mlio mzito wa "mmm", halafu "ta" tena. Ukiiacha ifanye hivyo usiku kucha, varnishi ya nyaya za mota inaungua na kompresa imekufa.

Hatari ya pili ni umeme unaokatika na kurudi papo hapo. Kompresa inaposimama, upande mmoja wa mabomba bado una presha kubwa, na inasawazika polepole kupitia kapilari, bomba jembamba sana. Inahitaji dakika tatu hadi tano. Umeme ukirudi kabla ya hapo, kompresa inalazimishwa kuanza ikiwa imebanwa na presha.

Ndiyo maana frijigadi si pambo. Nunua inayokata umeme ukishuka na ukipanda pia, kwa sababu kuna za bei rahisi zinazolinda upande mmoja tu. Jambo la kupima dukani ni ucheleweshaji. Ichomeke kwenye soketi: nzuri itawasha taa ya kusubiri na kukaa dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite. Ikiruhusu papo hapo, irudishe kaunta. Na ujue mpaka wake: frijigadi inakata umeme mbovu, haiuongezi. Kama kila jioni inakata na friji inakaa saa tatu bila kazi, unachohitaji ni stabilaiza, kifaa kinachoinua umeme ulioshuka, yenye uwezo wa kuhimili kompresa inapoanza, volti-ampea 1,000 na kuendelea, nayo iwe na ucheleweshaji.

Usiunganishe friji kwenye eksitensheni nyembamba yenye pasi na birika. Na usitumie adapta ya pini mbili inayoiacha pini ya ethi ikining'inia. Friji inayopiga shoti ukigusa mlango ukiwa peku jikoni, ichomoe kwanza, uliza baadaye. Ama nyumba haina ethi, ama waya umechubuka nyuma. Panya huuma nyaya za huko.

Kuipeleka nyumbani na kuiweka

Toka dukani ipande kirikuu au toyo ikiwa imesimama na kufungwa kamba. Barabara za vilimani ni za mawe, na kompresa ya friji iliyolazwa inayumba juu ya springi zake huku oili ikitambaa kuingia kwenye mabomba. Kama ililazimika kulala, isimamishe na uiache saa nne angalau kabla ya kuiwasha. Ikilala safari ndefu, iache mpaka kesho yake.

Iachie sentimita 10 nyuma na 5 hadi 10 kila upande. Friji nyingi za siku hizi hazina ule wavu mweusi mgongoni: bomba la kutoa joto limefichwa ndani ya kuta za pembeni. Ukigusa ubavu ukaukuta wa moto, hiyo si hitilafu, ndiyo inavyotoa joto. Ukiibana kati ya kabati na ukuta, joto halina pa kwenda, kompresa haipumziki, na uniti za LUKU zinaondoka. Isikae jirani na jiko. Miguu ya mbele iinue kidogo ili mlango ujifunge wenyewe ukiuachia.

Hali ya hewa ya Mwanza ni ya vuguvugu mwaka mzima, si kali, lakini jiko lililoezekwa bati bila dari mchana ni habari nyingine. Kwenye kibandiko cha ndani tafuta herufi za daraja la hewa. N imetengenezwa kwa joto la chumba hadi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Chukua ST au T. Kibandiko hichohicho, au cha matumizi ya umeme, kitakupa uniti kwa mwaka. Gawa kwa 365: friji iliyoandikwa 220 inakula takriban uniti 0.6 kwa siku, kwa vipimo vya maabara. Nyumbani kwenye watoto wanaofungua mlango kila mara, tegemea zaidi.

Samaki

Kosa kubwa linaanzia soko la samaki la Mwaloni. Mtu ananunua sangara mzima, au ndoo ya sato, anawarundika kwenye friza ya lita 45 wakiwa na joto la jua. Kila friza ina uwezo wake wa kugandisha kwa saa 24, na umeandikwa kwa kilo: kwa friji ya ukubwa huu ni kilo chache tu. Ukizidisha, samaki wa katikati wanakaa nusu siku na zaidi wakiwa vuguvugu, na friji nzima inapanda joto.

Watoe matumbo na matamvua, waoshe, wachuje maji. Sangara mkate vipande bapa, unene usiozidi vidole viwili. Weka kwenye mifuko kiasi cha mlo mmoja mmoja, toa hewa, laza kwa safu moja ikigusa sakafu ya friza. Zikishaganda ndipo uzipange zisimame. Friza inatakiwa kufika nyuzi 18 chini ya sifuri. Kule chini lenga nyuzi 4, na samaki mbichi wasikae huko zaidi ya siku moja au mbili. Upimaji wa kweli ni kipimajoto ndani ya glasi ya maji, rafu ya kati, uache usiku mzima. Kupapasa hewa kwa mkono hakukuambii kitu.

Namba za thamostati ni za nguvu, si za nyuzi. Kwa Mwanza 3 au 4 kati ya 7 inatosha siku nyingi. Ukiipeleka 7 na kuisahau, kompresa haikati, na ukuta wa nyuma kule chini haupati nafasi ya kuyeyuka. Ukuta huo umeundwa ugande kidogo kompresa ikifanya kazi na kuyeyuka ikipumzika, matone yashuke kwenye kijito hadi tundu dogo, yaende kwenye trei juu ya kompresa, yakauke kwa joto lake.

Tundu hilo litazame kwa karibu. Utakuta magamba ya samaki, jani la giligilani, pengine punje ya wali, vyote vimeshikana kwa ute. Likiziba, maji yanajaa chini ya droo za mboga na kumwagikia sakafuni, na watu wanadhani friji inavuja gesi. Gesi haiachi maji. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, sukuma maji ya uvuguvugu yenye kijiko kimoja cha magadi ya kuokea, mpaka usikie yanatiririka nyuma. Usitumie waya wenye ncha.

Kuyeyusha barafu

Barafu ya friza ikifika nusu sentimita, yeyusha. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu, kwa hiyo barafu inajengeka upesi, na sufuria ya maharage ya moto isiyofunikwa inaongeza kasi. Barafu nene ni blanketi linalozuia ubaridi usitoke kwenye bomba.

Chomoa plagi, maana kuzungusha thamostati kwenye sifuri hakuondoi umeme wote. Toa vyakula, vifunge kwenye blanketi au weka kwenye kasha la thamokoli. Weka bakuli la maji ya moto ndani ya friza juu ya kitambaa, acha mlango wazi, badilisha maji kila dakika kumi. Barafu italegea na kudondoka mapande mapande, ivute kwa mkono. Kausha kabisa kwa kitambaa, kwa sababu maji yanayobaki ndiyo barafu ya kesho. Washa, subiri saa mbili, ndipo urudishe vyakula.

Kisu usikiguse. Sahani ya friza ni alumini nyembamba, na njia ya gesi ipo milimita chache chini ya ncha ya kisu. Utasikia "shhh", na kwenye tundu patabaki alama ya mafuta. Mlango wazi, madirisha wazi, jiko la mkaa toa nje: R600a inashika moto, ni nzito kuliko hewa hivyo inatuama sakafuni, na haitiwi harufu kama gesi ya kupikia. Tundu hilo linaweza kuzibwa, lakini friji iliyovuta unyevu haiwi tena ile ya awali, na ndiyo maana mafundi wenye uzoefu wanachukia kisu kuliko umeme mdogo.

Dalili na maana yake

Haiwaki kabisa, hata taa ya ndani: anza na soketi, fyuzi ya plagi, frijigadi. Taa inawaka lakini kompresa kimya: zungusha thamostati usikie inabofya. Kompresa inabofya na kukata: pima umeme kwa multimita wakati huohuo inapojaribu kuanza. Ukishuka sana, tatizo ni umeme. Ukiwa mzuri, chomoa plagi, toa kifuniko cha pembeni ya kompresa, vuta rilei, itikise karibu na sikio. Rilei nzima haitoi sauti. Iliyokufa inalia kama njugu, kidonge cha ndani kimepasuka, mara nyingi na harufu ya kuungua. Kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi. Bora ununue rilei na ovaloadi pamoja, zinazolingana na kompresa yako.

Kwenye pini tatu za kompresa, pima ukinzani kwa multimita kati ya kila pini mbili: vipimo viwili vidogo vikijumlishwa vilingane na kile kikubwa. Pini yoyote ikisoma na mwili wa chuma, kompresa imeshika bodi, yaani nyaya za ndani zimegusa chuma: hapo piga hesabu kama friji inastahili kompresa mpya.

Inafanya kazi mfululizo na haipoi vizuri: kabla ya neno gesi, tazama raba. Bana noti ya elfu moja mlangoni, vuta. Ikitoka bila ukinzani, raba imelegea hapo. Ioshe kwa maji ya sabuni, hasa kwenye mikunjo yenye ukungu, ipashe kwa kitambaa cha maji ya moto ivimbe irudi, paka vaselini kidogo upande wa bawaba. Iliyochanika badilisha. Kisha soma barafu yenyewe. Sahani yote ikiwa na barafu nyepesi sawasawa, gesi ipo. Kona moja tu ikiganda na kwingine kukavu, mara nyingi gesi ni pungufu. Inapoa vizuri, inaacha, inarudi kupoa baada ya kuzimwa saa kadhaa: kuna unyevu ndani unaoganda mwisho wa kapilari.

Pa kuvujia pengine mbali na kisu ni bomba la chuma linalopita kwenye fremu ya mlango kuzuia jasho. Maji ya samaki yenye chumvi yakiingia kwenye ufa wa fremu yanalila kwa kutu, na huwezi kulifikia bila kubomoa povu. Fundi makini analikata lisitumike na kufunga wavu wa nje mgongoni. Ni marekebisho halali kabisa, usiyaogope.

Fundi wa gesi umpime kwa vitu vyake. Awe na mizani, kwa sababu friji ya ukubwa huu inachukua makumi machache ya gramu za R600a, kama kibandiko kinavyosema, na gramu kumi zikizidi zinaonekana. Awe na pampu ya vakyumu na aiache ivute nusu saa au zaidi. Abadilishe draya, chujio linalonyonya unyevu, kila anapofungua mabomba. Asiwashe moto kabla ya kuitoa gesi yote. Aliyezoea R134a, aina nyingine ya gesi ya friji, anaona geji ya upande wa kuvuta iko chini ya sifuri, anadhani gesi haitoshi, anaongeza. R600a ndivyo inavyofanya kazi, huwa chini ya sifuri. Akiongeza, bomba la kurudi kwenye kompresa linajaa barafu na kompresa inapata moto. Na akikuambia atakuwekea R134a kwa kuwa ndiyo aliyonayo, mshukuru kwa muda wake na umwite mwingine: kompresa na oili yake havikutengenezwa kwa gesi hiyo.

Kabla ya kulipa dukani omba iwashwe nusu saa. Ubavu upate joto, sahani ya friza ishike barafu pande zote, kompresa isitoe mlio wa chuma. Soma kadi ya dhamana kama inagusa hitilafu za umeme, na uhifadhi risiti.

Anayeuza samaki, maji ya baridi au barafu za watoto asiichukue friji hii. Mlango wake ukifunguliwa mara arobaini kwa siku, hewa ya baridi inamwagika miguuni kila mara, na kompresa ndogo haiwezi kufidia. Huyo anunue difriza la kufunguliwa juu, ambamo baridi inabaki ndani hata mfuniko ukiinuliwa, na frijigadi yake aipangie kwenye bajeti tangu mwanzo.